Zipu ya Zimwi

Verdell Hatch alikuwa fundi wa kuvisha viti vya magari huko Burbank, kando ya reli. Ukimpelekea kiti kilichochanika, sponji imetoka nje kama utumbo, alikurudishia kiti ambacho ungeona haya kukikalia na nguo za kazini. Alikuwa mfupi, miaka arobaini na mitatu, mabega mapana, vidole vimejaa makovu madogo ya sindano. Mumewe alihamia Fresno kwa mwanamke aliyekuwa akiuza vifaranga, na habari hiyo Verdell hakupenda iguswe. Aliishi na mama yake, Bi Zella, mlokole wa Oklahoma ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuingia jumba la sinema.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Verdell alishona miamvuli ya askari wa kuruka kutoka kwenye ndege. Msimamizi wao alikuwa mwanamke mkali asiyecheka, na kila asubuhi aliwauliza swali moja kabla cherehani hazijaanza kulia: "Leo mnamshonea nani?" Nao walitakiwa kujibu kwa sauti: "Mtu anayeanguka." Vita vilipokwisha, miamvuli ikaisha, Verdell akaingia kwenye viti, na kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyemuuliza anamshonea nani.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita, mwaka 1957, aliingia karakana mwanamume mwembamba mwenye tai iliyolegea, amebana bahasha kwapani. Jina lake Sol Brinkman. Alikuwa na kampuni ya filamu, na kampuni yenyewe ilikuwa yeye, simu moja, na chumba juu ya duka la ndoana.

"Wewe ndiye fundi?" aliuliza.

"Mimi. Gari liko wapi?"

"Gari langu zima, mama. Shida yangu ni zimwi."

Akatandaza mchoro juu ya meza. Alikuwa mjusi amesimama kwa miguu miwili, mgongo una magamba kama misumeno.

"Amelala chini ya jangwa tangu dunia haijapoa," alieleza Brinkman, mikono ikienda huku na huku. "Serikali inalipua bomu la atomiki. Bomu linamwamsha. Anatoka shimoni na hasira zake."

"Urefu wake?"

"Ghorofa tatu."

"Bwana, sponji ya ghorofa tatu sina."

"Wewe nitengenezee la kuingia mtu mmoja. Ghorofa tatu niachie mimi na kamera." Akapunguza sauti. "Hawa mafundi wakubwa wa mazimwi wananiambia miezi mitatu. Mimi nina siku tisa kabla ya kuanza kupiga picha."

Verdell aliutazama mchoro kwa muda. Hakuna aliyewahi kumletea kitu kisicho na umbo la makalio ya mtu. "Acha hiyo karatasi," alisema.

Alifanya kazi siku nane. Mwili ulikuwa sponji ya viti, nene kama godoro, juu yake reksini ya kijani aliyoikunjakunja na kuipaka gundi mpaka ikawa kama ngozi ya kiumbe mgonjwa. Macho yalikuwa vitufe vya tenisi ya meza. Kucha zilikuwa vijiko vya kuvalia viatu, dazeni nzima, vimepakwa rangi nyeusi. Zipu aliitoa kwenye turubai la kufunikia gari.

"Weka mgongoni," Brinkman aliagiza. "Katikati ya magamba haitaonekana."

"Aliye ndani atajifunguaje?"

"Atajifungua ya nini? Watu kumi watakuwa wamemzunguka."

Verdell alisita, pini mdomoni. Kisha akaona muda umebana, na kwamba hii ni filamu tu ya kuwatisha watoto wa shule, akaipiga zipu mgongoni. Siku ya tisa walipakia zimwi juu ya lori, likiwa limelala kifudifudi, wakaelekea jangwani, mbele ya Barstow. Verdell alikwenda nao. Aliomba ruhusa kazini ya wiki moja, akachukua sindano, gundi na mkasi wake mkubwa.

Wa kuingia ndani alikuwa Knut Lindgren, mwana mieleka mstaafu kutoka Minnesota, jitu la mtu lakini mpole, mwenye kuomba radhi hata akimpisha paka. Siku ya kwanza alimwambia Verdell, "Dada, umeshona vizuri. Nimewahi kuvaa sokwe aliyenuka samaki wiki nzima."

Siku ya pili, saa nane mchana, walikuwa wakipiga picha ya zimwi kushambulia gari la jeshi. Jua lilikuwa limesimama juu ya vichwa vyao kama limepigiliwa misumari. Lindgren alilipiga gari mara mbili kwa kiganja, akarudi nyuma, akapiga magoti. Mikono yenye kucha ikaanza kujipapasa kifuani, ikapanda mabegani, ikajaribu kufika mgongoni.

"Safi kabisa, Knut!" Brinkman alipiga kelele kwenye kipaza sauti. "Maumivu! Tupe maumivu zaidi!"

Wapiga picha walitabasamu. Mmoja akapiga makofi. Lakini Verdell, aliyekuwa kwenye kivuli cha lori akitunga uzi, aliona kitu ambacho wao hawakukiona: zile kucha hazikuwa zikiigiza maumivu. Zilikuwa zikitafuta zipu.

Alikimbia. Alipita katikati ya picha, mbele ya kamera inayopiga, Brinkman akimpigia kelele atoke. Akaushika ulimi wa zipu na kuuvuta. Haukusogea, meno yake yamejaa mchanga. Akavuta tena kwa mikono miwili. Ndipo akachomoa mkasi na kulipasua zimwi toka shingoni hadi kiunoni, siku nane za kazi zikifunguka kama samaki anayepasuliwa.

Lindgren alitoka amelegea. Ngozi yake ilikuwa nyekundu na kavu, hana hata tone la jasho, macho yamegeuka. Walimmiminia maji ya barafu ya sanduku la soda, wakamtia ndani ya gari, wakaenda mbio hadi Barstow. Daktari alipotoka chumbani alisema maneno machache tu: "Dakika kumi zaidi mngeniletea maiti."

Brinkman alikaa kwenye ngazi za hospitali, akawasha sigara na kuiacha iungue. Hakuwa mtu mbaya. Lakini haikupita saa moja, alimgeukia Verdell.

"Linashoneka?"

"Nini?"

"Vazi. Linashoneka?"

Verdell alimtazama mpaka Brinkman akainamisha macho. "Nani atavaa?"

Vijana wa kuwasha taa za filamu walikuwa wamesimama pale. "Usinitazame mimi," mmoja alisema. "Nina watoto watatu." Mwingine alitikisa kichwa tu.

"Pale stendi ya mabasi hapakosekani mtu mwenye njaa," alisema Brinkman. "Nikimpa chakula na nauli ataingia. Bi Hatch, siku tano zimebaki. Nikisimama hapa, nimekwisha."

Verdell alimwacha ngazini. Aliingia ndani, akaruhusiwa kumwona Lindgren. Alikuwa amelala na mashuka yenye maji, miguu imepita ukingo wa kitanda.

"Knut, mkono wangu ndio uliokufungia mle," alisema Verdell. 

"Dada, mimi niliiona zipu iko nje kabla sijaingia," alijibu Lindgren taratibu, midomo imepasuka. "Sikuuliza. Tulikosea wote wawili."

"Ulikuwa unasikia nini mle ndani?"

Alifikiri kidogo. "Nilikuwa nasikia watu wananisifu."

Njia nzima ya kurudi Verdell aliyarudiarudia maneno hayo. Alikumbuka yule mwanamke mkali wa kiwanda cha miamvuli. Aliona wazi alichokosea: haikuwa zipu peke yake. Alijidanganya kwamba kazi ikiwa ya mchezo, na mtu aliyemo ndani ni wa mchezo. Akamwendea Brinkman aliyekuwa akiorodhesha watu wa kuwapigia simu.

"Hakuna kwenda stendi," alimwambia. "Nitalishona upya, na nitalivaa mimi."

Brinkman alicheka kwa woga. "Mama, wewe unafika hapa." Akaonyesha kifua chake.

"Si ulisema ghorofa tatu ni kazi ya kamera?"

"Lakini kwa nini wewe?"

"Kwa sababu simwingizi mtu mwingine kwenye kitu ambacho sijakikalia mwenyewe. Na zipu itakuwa ninapotaka mimi. Ukisema neno juu ya zipu, nalichoma moto zimwi hapa hapa, utafute mjusi mwingine."

Brinkman aliinua mikono juu. 

Kesho yake kutwa nzima Verdell alifanya kazi chini ya kibanda cha kituo cha petroli, watu wakisimama kujaza mafuta na kutoa macho. Mgongo aliufunga moja kwa moja. Zipu aliihamishia mbele, tumboni, chini ya mkunjo wa reksini, akaitia ulimi upande wa ndani pamoja na kitanzi cha ngozi ambacho hata mkono wenye kucha ungeweza kukinasa. Alitoboa matundu chini ya koo na makwapani. Alichonga sponji ndani mpaka ikabaki nusu. Mwisho akaenda duka la baiskeli, akanunua honi ya kubonyeza, akaishona karibu na mkono wa kushoto.

Siku iliyofuata, saa sita mchana, aliingia ndani ya vazi. Alimpa saa yake mpiga kamera, mzee mmoja mkimya aliyeitwa Aurelio Bracamonte. "Saa nzima juani," alimwambia. "Ukisikia honi, njoo. Usiposikia, kaa."

Mle ndani kulinuka gundi na jasho la Lindgren. Aliona dunia kupitia mdomo wa zimwi, kipande cha barabara kisichozidi upana wa sinia. Jasho lilimtiririka hadi kwenye viatu. Alijihesabia pumzi. Kwa nje, Brinkman alianza kutembea huku na huku.

"Bi Hatch, imetosha! Tumeamini!"

Zimwi likatikisa kichwa.

Saa ilipotimia alijifungua na kutoka mwenyewe, nywele zimeganda usoni. "Nimejifungua kwa sekunde ngapi?"

"Kumi na moja," alisema Bracamonte.

"Nyingi." Akarudi ndani. Alitoka na kuingia mara kumi, na mara ya kumi ilikuwa sekunde nne. Ndipo akakubali kunywa maji.

Kutembea ndiko kulimtesa. Alifunga vipande vya mbao chini ya nyayo ili apate kimo, na mkia ulikuwa mzito kama mtu anayekuvuta usiondoke. Mchana huo wa kwanza alianguka mara sita. Vijana wa taa waliacha kucheka kwenye anguko la nne, na la sita wakaenda kumwinua bila kuitwa.

"Mama, pumzika basi," mmoja alimsihi.

"Nitapumzika Burbank. Nisimamishe."

Kufikia jioni alikuwa amegundua siri yake: usiuvute mkia, uache utangulie kuyumba, kisha mguu uufuate. Zimwi likapata mwendo wake, mzito, wa upande upande, kama mtu aliyechoka lakini hana nia ya kukaa.

Kwa sababu ya joto, Verdell alikata shauri kwamba picha zipigwe alfajiri na jioni tu, na adhuhuri kila mtu akae kivulini. Brinkman alinung'unika kuhusu ratiba, akabonyezewa honi usoni, akanyamaza.

Asubuhi ya siku ya tatu kati ya zile tano, jua halijatoka, alikuwa juu ya kilima kidogo cha mawe. Kazi yake ilikuwa kupanda, kusimama, kugeuza kichwa. Kamera ilikuwa inapiga. Alipofika juu, upande wa kaskazini mashariki, kule Nevada, anga lilibadilika kuwa jeupe.

Haukuwa weupe wa kupambazuka. Ulikuja mara moja, bila sauti, ukaonyesha kila jiwe na kila kijiti, na nyuma ya Verdell kivuli cha zimwi kikaanguka kirefu juu ya bonde lote. Aliuona kupitia ule mdomo wa reksini. Hakukimbia wala hakulia. Alisimama, akageuza kichwa taratibu kama alivyoagizwa, kwa kuwa hakujua la kufanya zaidi ya hilo. Kisha ule weupe ukawa manjano, ukawa rangi ya chungwa, ukafifia, na giza la mwisho la usiku likarudi mahali pake.

 Baada ya muda mrefu ardhi ilinguruma kidogo, kwa mbali, kama lori linalopita mtaa wa pili.

"Ni wao," alisema kijana mmoja wa taa. "Serikali imelipua bomu jingine."

Brinkman alikuwa ameketi chini mchangani, kofia mkononi. Alikuwa ametengeneza filamu nne juu ya bomu, na hakuwahi kuliona. "Aurelio," aliita kwa sauti ndogo. "Umeipata?"

Bracamonte alikuwa bado ameshika kamera. "Nimeipata. Mungu atusamehe."

Verdell alijifungua zipu, akatoka, akakaa juu ya jiwe.  Alijiuliza kama kule karibu na bomu walikuwepo watu waliosimamishwa kutazama, na kama kuna mtu yeyote aliyewaambia mlango wa kutokea uko wapi. Alikunywa maji, akafuta uso. Dakika ishirini baadaye aliinuka.

"Jua linatoka," alimwambia Brinkman. "Kama unataka ile picha ya zimwi likitoka shimoni, tuanze sasa."

Wakaanza. Siku ya tano jioni walimaliza, na zimwi likafa kwa moto wa petroli, tupu, bila mtu ndani, likiwa limeegemezwa kwenye mti mkavu. Hilo nalo lilikuwa sharti la Verdell.

Filamu ilitoka mwezi wa kumi. Iliitwa *Zimwi la Shimo Namba Saba*, na ilionyeshwa Jumamosi mchana katika jumba moja la Glendale. Verdell alikusudia kwenda peke yake. Lakini alipokuwa akivaa koti alimkuta Bi Zella mlangoni, amevaa kofia ya kanisani, mkoba mkononi.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nakwenda kukuona."

"Wewe si unasema sinema ni nyumba ya shetani?"

"Ndiyo. Na mwanangu yumo humo. Ulitaka nikae nyumbani?"

Jumba lilijaa watoto, bisi zikiruka hewani kama nzige. Majina yalianza kupita. Bi Zella, aliyesoma taratibu lakini hakosei, alimkamata bintiye mkono.

"Vernon Hatch ni nani?"

"Wamekosea, mama. Ni mimi."

"Wamekugeuza mwanamume!" Bi Zella alisema kwa sauti iliyogeuza vichwa vya safu tatu. "Nikimpata huyo Brinkman!"

Watoto walipiga mayowe pale palipostahili mayowe, na wakacheka sana pale ambapo hapakustahili kicheko. Zimwi lilipopanda kilima na anga likawa jeupe, msichana mmoja nyuma yao alipaza sauti: "Taa ya bandia hiyo! Hata mimi naweza!" Jumba zima likaangua kicheko. Verdell alishika mikono ya kiti. Alitaka kusimama awaambie. Halafu akaona ni heri wacheke. Walikuwa wadogo, na ilikuwa Jumamosi.

Bi Zella hakucheka. Alitazama zimwi likigeuza kichwa, likishuka, mkia ukiyumba kwanza na mguu ukifuata. Midomo yake ilikuwa ikienda bila sauti. Verdell alidhani anasali.

Walipotoka nje juani, mama alisimama kando ya njia akitafuta leso.

"Limekuudhi, mama?"

"Hapana." Bi Zella alipenga kamasi. "Unatembea kama baba yako akitoka shambani ule mwaka wa dhoruba za vumbi kule Oklahoma. Sikujua kama uliwahi kumtazama."

Walikwenda kula pai ya tufaha, na kila mmoja akala vipande viwili.

Lindgren alipona, ila daktari alimkataza joto. Akapata kazi ya kulinda mlango wa ghala la barafu huko Minnesota, na kila Krismasi alituma kadi. Brinkman alimwomba msamaha Verdell kwa lile jina, na kwa kweli alijaribu kulirekebisha kwenye filamu iliyofuata, ambamo aliandikwa Verna.

Mwanzoni mwa mwaka Verdell aliacha kazi ya viti. Alikodi kibanda nyuma ya karakana ile ile, akasogeza cherehani yake na mabunda ya sponji. Neno lilikuwa limezunguka miongoni mwa kampuni ndogo ndogo kwamba kuna mwanamke Burbank, ana kichwa kigumu, havumilii upuuzi, lakini watu wake wanatoka wazima. Mteja wa kwanza alikuwa kijana mwenye miwani, amekuja na mchoro wa nyuki mkubwa kama basi, aliyekunywa maji ya kinu cha atomiki.

"Wanaingia wangapi humu?" Verdell aliuliza.

"Wawili. Mmoja mbele, mmoja nyuma."

"Basi waje wote wawili," alisema, akivuta utepe wa kupimia kutoka shingoni. "Nataka kuwajua kwanza."